Bima ya Nyongeza kwa Familia Changa Ujerumani: Anzeni na Safari ya Nyumbani

Familia inayohamia Ujerumani haikai bila bima ya afya, maana sheria hairuhusu. Mzazi akianza kazi anachagua Krankenkasse, yaani mfuko wa bima ya umma, mchango unakatwa kwenye mshahara, mwajiri analipa nusu, na watoto wanaingia humo humo bila kulipiwa hata senti. Mume au mke asiye na kipato naye huingia bure. Mfumo huu ulianza mwaka 1883 enzi za Bismarck, na pamoja na malalamiko yote utakayoyasikia kuhusu kungojea miadi ya daktari bingwa, ni mfumo wa kutegemewa. Kinachowaumiza wazazi vichwa ni jambo jingine: je, tuongeze bima juu ya hiyo? Na kama ni kuongeza, tuongeze ipi?

Mtoto akishazaliwa, washauri hawakosekani. Benki inaandika barua, Krankenkasse yenyewe inatuma vipeperushi vya kampuni inayoshirikiana nayo, na baada ya ibada au kwenye sherehe ya Wakenya na Watanzania kuna kijana wa kwetu mwenye tabuleti na maneno matamu. Ndiyo maana unazikuta familia zenye mikataba mitatu minne, mmoja wa chumba cha peke yako hospitalini, mwingine wa miwani, mwingine wa tiba za mitishamba, lakini siku wanapopanda ndege kwenda Mombasa na watoto wadogo wawili hawana bima yoyote ya matibabu inayofanya kazi huko waendako.

Msimamo wangu ni huu. Bima ya nyongeza inunuliwe kwa ajili ya gharama inayoweza kuiangusha familia. Starehe zisubiri. Na kwa familia yenye ndugu Afrika Mashariki, gharama ya namna hiyo mara nyingi haiko Ujerumani. Iko kwenye likizo ya nyumbani.

Itoe kadi yako ya Krankenkasse uigeuze. Nyuma utaona sehemu ya bluu yenye duara la nyota, na hiyo ndiyo kadi ya Ulaya. Kwa kadi hiyo utatibiwa Ufaransa, Uholanzi, Italia au Uswisi kwa utaratibu wa bima ya umma ya nchi husika. Ujerumani ina makubaliano pia na nchi chache nje ya Umoja wa Ulaya, kama Uturuki na Tunisia. Kenya haimo. Tanzania haimo, wala Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo. Ukitua Nairobi au Dar es Salaam, haki yako ya kutibiwa kwa gharama ya Krankenkasse inasimama mpaka urudi, hata kama hujawahi kukosa kulipa mchango. Hospitali ya binafsi itataka dipoziti kabla ya kumlaza mtoto, na kadi yenye nyota haitakusaidia kitu pale dirishani.

Wapo wanaosema, “Kule ni kwetu, nitajua pa kwenda.” Pa kwenda utajua, lakini mwili wa mtoto haujui kwamba uko kwao. Mtoto aliyezaliwa Stuttgart hana kinga yoyote ya malaria, na mzazi aliyekaa Ulaya miaka kadhaa kinga yake nayo imepungua. Watu wanaokwenda kuwatembelea ndugu ni miongoni mwa wasafiri wanaougua malaria zaidi, kwa sababu wanalala vijijini, wanakaa muda mrefu, na mara nyingi hawamezi dawa za kinga kwa kuwa walikulia huko. Malaria kali kwa mtoto wa miaka miwili ni suala la saa, na wakati huo si wa kuanza kupigiana simu za mchango.

Bima ya matibabu ya safari kwa familia nzima ni nafuu mno ukilinganisha na hatari yenyewe: mara nyingi ni makumi machache ya euro kwa mwaka mzima, safari zote zikiwemo. Hakuna bima ya nyongeza yenye faida kubwa kuliko hii kwa fedha ndogo kiasi hiki. Hata hivyo usinunue kwa kuangalia bei peke yake, maana kasoro zimejificha kwenye masharti.

Kwanza, angalia urefu wa safari. Mikataba mingi ya mwaka inalipia wiki sita au nane za mwanzo za kila safari, basi. Mama aliye kwenye likizo ya uzazi akaenda kukaa Arusha miezi minne ili bibi na babu wamjue mjukuu, miezi ile ya mwisho hana bima. Safari ndefu ina mkataba wake, unaohesabiwa kwa siku, na hununuliwa kabla ya kuondoka Ujerumani.

Pili, na hapa wengi wa kwetu hunaswa, tafuta jinsi mkataba unavyoeleza nini maana ya ng'ambo. Baadhi ya kampuni huondoa nchi ambayo msafiri ni raia wake, au nchi ambako bado ana makazi. Mwenye pasipoti ya Kenya akinunua mkataba wa namna hiyo kwa ajili ya kwenda Kenya, amelipia karatasi. Iulize kampuni kwa maandishi: “Mimi ni raia wa Kenya, ninaishi Ujerumani, je, nikiugua Kenya mnalipa?” Jibu lihifadhi pamoja na mkataba.

Tatu, kurudishwa Ujerumani ukiwa mgonjwa. Kuna mikataba inayosema utarudishwa ikiwa ni lazima kitabibu, na kuna inayosema utarudishwa ikiwa kitabibu ni jambo la maana na linawezekana. Chagua ya pili. Ile ya kwanza inampa mwenye kampuni nafasi ya kusema kwamba hata Mwanza kuna daktari wa mifupa, kwa hiyo hapakuwa na ulazima.

Mjamzito asome kifungu chake mwenyewe. Dharura ya mimba hulipwa kwa kawaida, uzazi uliotarajiwa haulipwi, na swali la kuuliza ni nani anamlipia mtoto akizaliwa kabla ya siku zake huko safarini. Bima hizi pia hulipia usafirishaji wa maiti ya mtu aliyefia safarini. Hazimhusu anayefia Ujerumani na ambaye familia yake inataka azikwe nyumbani. Jambo hilo lina bima yake tofauti, na kila aliyewahi kuwa kwenye kundi la WhatsApp la mchango wa msiba anajua fedha zinazohitajika na jinsi wiki zinavyopita. Ikiwa nyumbani ndiko mnakotaka kuzikwa, lijadilini mkiwa wazima.

Kuna familia ambazo kampuni za safari huzikataa, au kuondoa ugonjwa wa mtoto kwenye mkataba. Ugonjwa wa selimundu ni mfano unaowagusa watu wengi wa pwani na wa kanda ya ziwa. Tangu Oktoba 2021 watoto wachanga wote Ujerumani hupewa nafasi ya kupimwa selimundu kwa tone la damu katika siku zao za mwanzo, kwa hiyo wazazi wengi sasa wanajua mapema. Mzazi wa mtoto kama huyo aijue ibara ya 18 ya kitabu cha tano cha sheria za hifadhi ya jamii. Inasema kwamba mtu akithibitisha kuwa hakuna kampuni inayokubali kumkatia bima kwa sababu ya ugonjwa alionao au umri wake, Krankenkasse inapaswa kubeba matibabu ya haraka nje ya Ulaya kwa muda usiozidi wiki sita kwa mwaka. Sharti lake ni moja, nalo halina msamaha: Krankenkasse iwe imekubali kabla safari haijaanza. Kusanya barua za kampuni zilizokukataa, peleka maombi mapema, na usikate tiketi isiyorudishwa kabla hujapata jibu. Watumishi wengi wa dirishani hawakutani na maombi haya mara kwa mara, kwa hiyo itaje ibara kwa namba yake.

Chanjo ya homa ya manjano na vidonge vya kinga ya malaria visikufanye ukimbilie bima nyingine. Krankenkasse nyingi hurudisha gharama hizo, zote au sehemu, kwa hiari yao. Lipa, tunza risiti, tuma.

Hali ni hiyo hiyo kwa mambo mengi ambayo wauzaji huyataja kana kwamba hamna. Mkunga anayekuja nyumbani baada ya kujifungua, hadi wiki 12, analipwa na bima ya umma. Uchunguzi wa mtoto kuanzia U1 siku ya kuzaliwa hadi U9 akiwa na miaka mitano hivi, ule unaoandikwa kwenye daftari la njano, umeshalipiwa. Mtoto hachangii dawa wala siku za hospitali hadi atimize miaka 18. Mtoto mdogo akilazwa na daktari akaona mzazi abaki naye, Krankenkasse inalipia. Mwaka 2025 kila mzazi alikuwa na haki ya siku 15 za fidia ya mshahara kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 12 anapougua na mzazi kulazimika kubaki nyumbani. Anayelea peke yake alikuwa na siku 30. Kabla ya kusaini chochote, mwombe muuzaji akuonyeshe kwa kidole ni kitu gani kwenye orodha yake ambacho Krankenkasse yako hailipi.

Meno ni habari nyingine, kwa sababu hapo pengo lipo kweli.

Mtu mzima anayehitaji taji la jino au daraja hupata ruzuku ya asilimia 60 ya gharama ya matibabu ya kawaida. Akiwa na mihuri ya kukaguliwa meno kila mwaka kwa miaka mitano mfululizo inapanda hadi 70, na kwa miaka kumi hadi 75. Neno la kuzingatia ni “ya kawaida”. Ukichagua jino la kupandikiza, ruzuku inabaki ile ile ya daraja la kawaida na kilichozidi unalipa wewe. Mwenye kipato kidogo, kama wanafunzi wengi wenye familia, anaweza kuomba ruzuku maradufu, na hapo matibabu ya kawaida humgharimu kidogo sana au hayamgharimu chochote. Kwa wazazi wenye umri wa miaka ishirini na kitu wenye meno mazima, ushauri wangu ni muhuri wa kila mwaka kwanza. Bima ya meno inaweza kungoja, ilimradi isingoje mpaka jino lianze kuuma.

Kwa watoto nasema tofauti. Meno yaliyojipanga vibaya hupewa daraja kutoka 1 hadi 5. Krankenkasse hulipia vyuma vya kunyoosha meno kuanzia daraja la 3. Hata hapo wazazi hutanguliza asilimia 20 kwa mtoto wa kwanza na 10 kwa wa pili, fedha ambazo hurudishwa matibabu yakikamilika kama daktari alivyopanga. Daraja la 1 na la 2 hawalipi kitu, ingawa daraja la 2 linaweza kumaanisha meno ambayo mzazi yeyote angetaka yanyooshwe, na bili hufika maelfu ya euro. Mkitaka bima ya meno ya mtoto, hakikisheni inataja wazi kwamba inalipia daraja la 2, na inalipa kiasi gani katika miaka ya mwanzo, maana kampuni nyingi huweka ukomo mdogo wa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Zaidi ya yote, angalieni wakati. Siku daktari wa meno atakapoandika kwenye faili kwamba mtoto huyu atahitaji vyuma, mlango umefungwa. Jambo lililokwisha kushauriwa halilipwi na mkataba uliokuja baadaye. Mtoto wa miaka minne au mitano ndiye wa kukatiwa. Wa miaka tisa, mara nyingi mmechelewa.

Kuhusu wakati, kuna haki moja ambayo wazazi wachache sana huijua. Mzazi mmoja akiwa tayari na bima ya nyongeza ya binafsi, tuseme ya hospitali, kampuni inalazimika kumpokea mtoto wake mchanga kwenye kinga ile ile bila maswali ya afya, bila kumwongezea ada na bila muda wa kusubiri, hata akizaliwa na maradhi. Masharti ni kwamba mtoto aandikishwe ndani ya miezi miwili tangu kuzaliwa, kinga yake isizidi ya mzazi, na kampuni inaweza kudai mzazi awe amekaa nayo hadi miezi mitatu kabla ya uzazi. Bima ya safari haimo katika haki hii. Ikiwa mnapanga kupata mtoto na mnaona bima ya hospitali ina maana kwenu, basi mkataba uanze kabla ya mimba. Kwa mama mwenyewe kuna muda wa kusubiri wa miezi minane kwa mambo ya uzazi, na mimba iliyokwisha kuingia lazima itajwe kwenye fomu.

Na fomu ndiyo inayovunja mikataba. Utaulizwa kama katika miaka mitatu, mitano, wakati mwingine kumi iliyopita umewahi kutibiwa, kushauriwa au kuchunguzwa. Mtu hukumbuka upasuaji na kusahau zile mara mbili alizomwona daktari kwa maumivu ya mgongo baada ya kujifungua, au mazungumzo ya dakika kumi kuhusu usingizi na msongo wa mawazo, ambayo daktari aliyaandika kwenye kompyuta yake kama ugonjwa ili alipwe. Miaka minne baadaye unadai euro elfu kadhaa, kampuni inaomba faili, inakuta ugonjwa ambao hukuutaja, na inajitoa kwenye mkataba. Muuzaji aliyekwambia “hicho ni kidogo, usikiandike” hatakuwepo siku hiyo. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kujaza fomu, iandikie Krankenkasse uombe orodha ya matibabu yako pamoja na magonjwa yaliyoandikwa. Ni haki yako kisheria na ni bure. Jaza fomu orodha ikiwa mkononi, na matibabu ya kabla hujaja Ujerumani, yale ya Kampala au Tanga, nayo yaandike kama yamo ndani ya miaka uliyoulizwa.

Chumba cha peke yako na daktari mkuu wa idara? Ni vitu vizuri kwa anayevimudu. Tiba yenyewe haibadiliki kwa sababu ya idadi ya vitanda chumbani. Euro 40 au 50 kwa mwezi za wazazi wawili zina kazi bora zaidi: bima ya maisha ya muda maalumu, na bima ya kupoteza uwezo wa kufanya kazi. Kama nyumba inategemea mshahara wa muuguzi mmoja, mgongo wa muuguzi huyo ndio unaohitaji kukatiwa bima kabla ya chumba.

Bibi anapokuja kusaidia malezi, viza yake ya Schengen inadai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Nunueni iliyo juu ya kiwango hicho, na msome inasema nini kuhusu presha na kisukari. Nyingi hulipia tu hali mbaya ya ghafla, kwa hiyo aje na dawa zake za muda wote atakaokaa.

Yote niliyoyasema ni kwa walio ndani ya bima ya umma. Mkiwa bado kwenye ile bima ya binafsi ya bei poa wanayouziwa wageni wapya, tatizo lenu ni kubwa kuliko nyongeza. Bima hizo zina ukomo wa miaka, kwa kawaida mitano, huacha nje magonjwa ya zamani na mambo mengi ya uzazi, na ofisi ya wageni inaweza kuzikataa mnapoomba kuongezewa kibali cha kukaa. Hilo lishughulikieni kwanza. Na mzazi ambaye mshahara wake umevuka kiwango cha kuruhusiwa kuondoka kwenye bima ya umma, ambacho mwaka 2025 kilikuwa euro 73,800, asishawishiwe na ada ndogo ya ujana. Kwenye bima kamili ya binafsi kila mtoto hulipiwa ada yake, na baada ya umri wa miaka 55 kurudi kwenye bima ya umma karibu haiwezekani.

Kuhusu anayewauzia, undugu usiwazuie kuuliza. Wakala wa kampuni moja anauza bidhaa za kampuni hiyo. Dalali wa kujitegemea anawajibika kisheria kwa mteja. Mwambie akuandikie kwa nini anakupendekezea mkataba huu, maana sheria inamtaka aweke ushauri wake kwenye maandishi. Anayesitasita kuandika, achana naye, hata kama mmetoka kijiji kimoja. Kwa ada ndogo unaweza kupata ushauri kwa Verbraucherzentrale, shirika la kutetea walaji, ambalo lina ofisi katika kila moja ya majimbo 16 na haliuzi bima. Majaribio ya Stiftung Warentest hulinganisha mikataba ya safari na ya meno, na maktaba za miji huwa na magazeti yao.

Mkishasaini, mna siku 14 za kujitoa bila kueleza sababu, na zinahesabiwa tangu mlipopokea hati zote. Kaeni chini wote wawili na mzisome hati hizo katika siku hizo 14, mkianza na ukurasa unaotaja yale yasiyolipwa.